Hedley Ormerod na Saini Ishirini za Krismasi

Alhamisi tarehe 31 Machi 2011, saa kumi na moja jioni, Hedley Ormerod atatoka kwa mlango wa mbele wa Chama cha Nyumba cha Whinbeck, kinachokopesha watu fedha za kununua nyumba, akiwa ametimiza miaka arobaini na sita ya kazi kasoro siku tano. Aliingia kwa mlango huohuo Jumatatu ya tarehe 5 Aprili 1965, akiwa na miaka kumi na sita, suti ya kaka yake, na agizo la mama yake kwamba atulie mahali pamoja. Suti aliirudisha. Agizo hakulitimiza hata siku moja.

Alianza kama karani wa barua, akawa karani wa dirishani, mkaguzi wa nyumba, naibu meneja, na kuanzia mwaka 1986 Meneja Mkuu. Upande wa mji alikuwa diwani wa kata ya Sokoni kwa miaka ishirini na mitano, na Meya mwaka 1989 hadi 1990. Kwa muda mrefu, mtu wa Whinbeck aliyetaka mkopo wa nyumba na mtu aliyetaka taa ya mtaani itengenezwe walikuwa wanamtafuta mtu mmoja, na wote wawili walimpata ngazini.

Kukaa hakukuwezekana. Barua alizisaini akiwa amesimama mbele ya kabati la faili. Mkutano wa Jumatatu aliufanya akipanda na kushuka kutoka ghorofa ya tatu, wakuu wa idara wakimfuata na karatasi zao. Ajenda ndefu ilikuwa na maana ya ngazi nyingi, na ajenda zikawa fupi. Siku moja ya mwaka 1994 watu wa usafi walihesabu vikombe vyake vya chai vilivyopoa, vikiwa na chai karibu yote: vinane, katika sehemu nane za jengo, kimoja juu ya sanduku la mchanga wa zimamoto.

Nyumba iliyoombewa mkopo aliikagua siku ya mvua tu. Alizunguka ukutani akitazama maji yanaangukia wapi, kisha akaingia darini na viatu vyenye matope. Wauzaji hawakumpenda. Mmoja wao, wa mtaa wa Brow, alimpigia simu kumbembeleza.

"Bwana Ormerod, njoo Jumamosi. Wametabiri jua."

"Ndiyo maana siji Jumamosi," Hedley akamjibu, akakata simu, akaenda siku ileile, mvua ikinyesha.

Utaratibu huo sisi wa Chama tunaufuata mpaka leo, na mwaka 2008, benki kubwa zilipotikisika, mikopo yetu mibaya ilikuwa michache kuliko ya chama jirani chochote. Hatusemi ni mvua peke yake. Tunasema mvua ilisaidia.

Jambo ambalo wazee wa mji wanalikumbuka zaidi ni la mwaka 1981, kiwanda cha kufuma nguo cha Holroyd kilipofunga milango na watu mia tatu na arobaini wakabaki bila mshahara. Mia moja na kumi na wawili kati yao walikuwa na mikopo yetu. Hedley, wakati huo naibu meneja, aliwaambia wajumbe watatu wa Bodi kwamba kuna jambo dogo la kutazama nje, akawatembeza mlango hadi mlango. Walipofika nyumba ya hamsini mjumbe mmoja alishika ukuta.

"Hedley, tunaweza kupumzika kidogo?"

"Tunaweza. Bado nyumba sitini na mbili tu."

Walikubaliana wakiwa palepale barabarani kwamba hakuna familia itakayodaiwa rejesho kwa miaka miwili. Hakuna nyumba hata moja iliyochukuliwa.

Mwaka wake wa umeya ulikuwa mgumu kwa Stanley Entwistle, mbeba rungu la mji. Kwa desturi rungu la fedha, alama ya mamlaka ya mji, hutangulia na Meya hufuata. Jumapili ya kwanza, msafara ukielekea kanisani, Hedley, mkufu wa umeya shingoni, alimpita Stanley kabla ya kufika posta, akawapita polisi waliokuwa mbele ya Stanley, akafika kanisani peke yake na kuanza kusalimia watu. Stanley, mtu mzima wa miaka sitini na miwili, alifika mlangoni akihema.

"Mheshimiwa Meya, rungu ndilo linalotangulia. Ukilipita, wewe ni mtu tu aliyevaa mkufu."

"Basi ongeza mwendo, Stanley."

"Nina goti moja zima, Mheshimiwa. Chagua: goti au heshima ya mji."

Walipatana kwamba Stanley angeondoka dakika saba mapema. Whinbeck ukawa mji ambao rungu lake lilipita mitaani peke yake, na watu wakalivulia kofia.

Sasa, habari ya geti. Wenzetu waliojiunga baada ya mwaka 2004 wamesikia nusu ya habari hii, kila mmoja nusu yake. Jarida hili halikuandika neno wakati ule. Kwa kuwa mwenyewe anaondoka, na amekubali iandikwe, hii hapa yote.

Kati ya jengo letu na ghala letu la zamani kuna Uchochoro wa Tenter, wenye upana wa mita mbili na nusu, unaotoka stendi ya mabasi hadi sokoni. Ardhi ilikuwa yetu. Sheria ya nchi hii inasema kwamba watu wakipita kwenye ardhi yako miaka ishirini mfululizo bila kuzuiwa, njia inakuwa ya umma na huwezi kuwanyang'anya tena. Ukiifunga hata siku moja kila mwaka, ukaandika kwamba umeifunga, inabaki yako. Wenye ardhi, kwa kuwa ni watu wa heshima na hawapendi kumsumbua mtu, huchagua siku ambayo hakuna anayepita. Chama kilichagua Krismasi. Tangu mwaka 1934 kulikuwa na daftari, na kila tarehe 25 Desemba mtu alifunga geti la chuma mwisho wa uchochoro, akaandika "Limefungwa," akatia saini.

Kuanzia mwaka 1974 mtu huyo alikuwa Hedley. Hakuna aliyemlazimisha. Krismasi, siku ambayo taifa zima linakaa chini kuanzia saa saba mchana, ilikuwa adhabu kwake, na mkewe Brenda alifurahi kumwona anatoka.

"Nenda kafunge geti lako," alimwambia kila mwaka, "uniachie oveni yangu."

Krismasi ya mwaka 1982 mvua ilikuwa imechanganyika na theluji. Hedley alikuwa ameshafunga, amesimama ndani ya uchochoro akipiga miguu chini kwa baridi, alipotokea Sista Dilys Pomfret, nesi wa mitaani, akisukuma baiskeli yake. Alikuwa na mgonjwa wa kidonda nyuma ya soko.

"Hedley Ormerod. Umefunga hili?"

"Ni desturi, Sista. Siku moja tu kwa mwaka."

"Na kwa nini iwe leo?"

"Kwa sababu leo hapiti mtu."

"Mimi je? Mimi bata mzinga?"

Ufunguo ulikuwa mfukoni. Hedley alieleza kwamba akimfungulia mtu mmoja, siku nzima inaharibika kisheria. Sista alimsikiliza mpaka mwisho, akageuza baiskeli, akazunguka kwa mtaa wa Brow, ulio mlimani, akipanda upande mmoja na kushuka upande wa pili. Hakuna aliyekufa. Mgonjwa alilalamika tu kwamba chai aliyomwandalia Sista ilipoa. Lakini Hedley aliendelea kutembea huku na huku kwenye barabara ya Soko mpaka giza la Desemba lilipoingia saa kumi jioni, na bata mzinga wa Brenda akakauka.

Mwaka uliofuata alitoka nyumbani kama kawaida, akapita uchochoroni, akaliacha geti wazi. Kisha akaingia ofisini, akafungua daftari, akaandika "Limefungwa," akatia saini. Akafanya hivyo Krismasi ishirini, kutoka 1983 hadi 2002. Katikati ya miaka hiyo akawa Meneja Mkuu, akawa Meya, na akawafundisha makarani wapya, wengi wao wakiwa bado tunao, wasitie saini kitu ambacho hawajakiona kwa macho yao.

Septemba 2003 Bodi ilikubali kuuza ghala na uchochoro kwa kampuni iliyotaka kujenga duka kubwa. Fedha hizo zingejenga ofisi mpya na kulinda nafasi kumi na nne za kazi katika idara ya kumbukumbu. Bango la ujenzi lilipowekwa, soko lilielewa mara moja. Nusu ya wateja wao hushuka stendi na kuingia kwa Tenter. Bila Tenter wangepanda Brow. Edna Lumb, muuza jibini na mwenyekiti wa wafanyabiashara, aliomba njia itambuliwe kuwa ya umma, kisha akaja ofisini kwetu, akamkuta Hedley ghorofa ya pili akielekea ya kwanza.

"Diwani, bibi wa miaka themanini hapandi Brow kwa ajili ya jibini langu, hata liwe tamu vipi. Tutakufa mmoja mmoja. Wewe uko upande gani?"

"Nimesimama katikati, Edna."

"Wewe siku zote umesimama. Nakuuliza uko wapi."

Akaendelea kushuka. Alijiona mtu mmoja tu duniani aliyejua jibu, na lilikuwa na bei. Akinyamaza, daftari lingesema kwa niaba yake na uchochoro ungejengwa. Akisema, mtu aliyejenga jina lake kwa saini angejulikana kuwa ametia saini uongo mara ishirini, na cheo kisingebaki.

Vuli ile hakuna aliyeweza kumfuata. Meneja Mkuu hana haja ya kukagua nyumba, lakini Oktoba peke yake alikagua sitini na moja, mvua haikukosekana. Alikuwa anaanza sentensi kwenye korido moja na kuimalizia kwenye nyingine kwa mtu mwingine. Alimaliza jozi mbili za viatu kabla ya Mwaka Mpya. Mara tatu karani wa zamu alimwona kutoka dirishani akiwa ameshika geti kwa mkono mmoja, akilisukuma na kulivuta. Sote tulidhani ni shinikizo la soko. Mwenyekiti wa Bodi alijaribu kumtuliza.

"Kazi yako ni ya dakika mbili, Hedley. Unaulizwa kama saini ni yako, unasema ndiyo, unarudi kazini."

Shauri lilisikilizwa Ukumbi wa Mji tarehe 17 Februari 2004, mbele ya mkaguzi aliyetumwa na wizara, Bi Audrey Fairclough. Asubuhi hiyo, akifunga tai, Hedley alimwambia mkewe.

"Brenda, lile geti sijalifunga tangu themanini na mbili."

"Najua," Brenda akasema. "Ufunguo uko kwenye droo ya vijiko miaka yote hiyo. Vaa koti."

Mashahidi ishirini na wawili wa soko walisema, mmoja baada ya mwingine, kwamba hawajawahi kuona geti limefungwa. Wakili wetu alimwuliza kila mmoja swali lilelile: Krismasi asubuhi ulikuwa wapi? Walikuwa nyumbani, wote ishirini na wawili, wakimenya viazi. Ndipo akatoa daftari na kusoma. Edna Lumb akasimama.

"Hedley! Kumbe ulikuwa unatufungia sisi tukiwa tunakula!"

"Mama, tafadhali kaa," Bi Fairclough akasema.

"Nakaa. Lakini jibini langu asilile tena."

Hedley aliitwa. Wakili alimwonyesha kurasa.

"Hizi ni saini zako?"

"Ni zangu."

"Zote?"

"Zote."

"Asante sana. Unaweza kukaa."

Hakukaa. Kwa muda kila aliyemfahamu alidhani ni mazoea. Bi Fairclough aliinua kichwa.

"Una la kuongeza, Bwana Ormerod?"

"Ndiyo. Saini ni zangu. Geti sikulifunga."

"Mwaka gani?"

"Mwaka wowote baada ya themanini na mbili."

Wakili wetu alikuwa ameshafunga mkoba. Aliufungua tena. Aliuliza, na lilikuwa swali la haki, kama mkaguzi aamini alichoandika shahidi mara ishirini au alichosema mara moja. Bi Fairclough naye alikuwa na swali.

"Kwa nini uliendelea kutia saini?"

Hedley alifikiri. Wengi wetu tuliokuwepo hatukuwa tumewahi kumwona amesimama bila kutikisa mguu.

"Kila mwaka ulipofika," akasema, "nilikuwa nimeshatia saini mwaka uliopita."

Shauri liliahirishwa wiki moja ili apatikane mtu mwingine aliyekuwa nje Krismasi. Hakukuwa na wengi wa kuchagua. Sista Dilys alikuwa amestaafu na kuhamia kwa dada yake mjini Morecambe, na hakuna aliyekuwa amefikiria kumwuliza kitu. Alikuja kwa basi. Alieleza kwamba alifanya kazi kila Krismasi tangu 1979 hadi 2002, kwa kuwa wenzake walikuwa na watoto, na kwamba baada ya mwaka 1982 alipita Tenter kila mara na baiskeli yake.

"Hukuona ajabu?" Bi Fairclough akauliza.

"Nilidhani amesahau. Sikutaka kumkumbusha."

Mei 2004 uchochoro uliandikwa kuwa njia ya umma. Mnunuzi aliondoka. Ofisi mpya haikujengwa, na nafasi kumi na nne za idara ya kumbukumbu zilihamishiwa mji mwingine. Wenzetu tisa walihama nazo, watano waliacha kazi. Bodi ilimvua Hedley umeneja kwa kura saba kwa moja. Ilimwachia ukaguzi wa nyumba, chini ya mkuu aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini na mmoja, na wengi waliamini angekataa. Alikubali, akaomba koti la mvua jipya.

Mji nao ulitoa hukumu yake. Katika uchaguzi wa Juni alishindwa kwa kura sitini na moja, akipoteza kiti alichokishika tangu 1979. Mwenyekiti wa wafanyabiashara alimpinga waziwazi, akisema soko linamshukuru lakini diwani asiwe mtu wa kuandika uongo. Kituo cha kura kilikuwa ng'ambo ya stendi. Watu wa soko walikwenda kumpigia kura ya kumwondoa wakipitia Tenter.

Miaka saba iliyofuata alikagua nyumba elfu moja mia nane na tatu. Hakuna ripoti iliyorudishwa. Hakulalamika mbele yetu, na hakuomba radhi mara ya pili. Mara ya kwanza alikwenda nyumbani kwa kila mmoja wa wale kumi na wanne, kwa miguu, akasema alichokuja kusema mlangoni. Saba walimkaribisha ndani. Wapo ambao Alhamisi hawatakuja kwenye sherehe, na sababu zao ni za kweli.

Tulimwuliza atafanya nini kuanzia Ijumaa. Amejiandikisha na wilaya kama mtembezi wa kujitolea: kila mmoja hupewa eneo lake, huzipita njia zake zote za umma kwa miguu mara mbili kwa mwaka, na kumwandikia barua mwenye ardhi aliyeziba. Hedley ameomba maeneo matatu. Hakungoja Ijumaa. Barua yake ya kwanza ilifika Jumatatu iliyopita, na imetumwa kwetu. Inasema njia iliyo nyuma ya tawi letu la barabara ya Clough imezibwa na mapipa sita ya takataka ya Chama, kwamba mwenye kiti cha magurudumu hawezi kupita, na kwamba tuna siku kumi na nne.

Mapipa yamehamishwa. Tulitumia siku mbili.

Hedley, tunakushukuru kwa miaka arobaini na sita, kwa familia mia moja na kumi na mbili zilizobaki na paa, na kwa ile dakika moja ukumbini iliyotugharimu jengo. Brenda, tunakupa pole mapema. Nendeni salama wote wawili, afya iwe nanyi, na kila njia mtakayoishika muikute wazi.